Barua ya Wazi: Pimeni Kuta za Madarasa ya Watoto, Kisha Mtuambie Mlichokikuta

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Mazingira, Ofisi ya Makamu wa Rais
Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam
Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni
NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira), TBS (Shirika la Viwango Tanzania), OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali

YAH: OMBI LA KUPIMWA SUMU KATIKA SHULE ZA AWALI, NYUMBA ZETU NA MITAA YETU

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi rangi. Naishi Buguruni na kazi zangu ziko jiji zima: leo Sinza, kesho Mbagala, wiki ijayo Kigamboni ng'ambo ya feri. Kazi hii huniingiza katika nyumba za watu zikiwa zimevuliwa kila pambo, makochi yamesogezwa katikati na mapazia yameshushwa. Ukuta ukiwa hivyo haufichi kitu. Unauona unyevu, ukungu, masizi ya jikoni, rangi za wapangaji waliotangulia zimepandana moja juu ya nyingine. Kimoja tu hukioni hata ukisogeza uso, nacho ndicho kilichonikalisha chini niandike: huoni kama rangi ile ina madini ya risasi.

Ombi langu ni moja. Pimeni. Anzeni na pale watoto wadogo wanaposhinda kutwa, yaani shule za awali na vituo vya kulelea watoto mchana, na majibu yabandikwe mahali ambapo mzazi atayasoma. Mengine yote nitakayoyasema humu yanalielekea ombi hilo.

Risasi hutiwa kwenye rangi kwa kuwa inasaidia kazi: rangi hukolea, hukauka haraka, na chuma huchelewa kushika kutu. Hupatikana hasa katika rangi za mafuta, na kati ya hizo, zile kali zinazong'aa, njano, nyekundu, kijani na rangi ya chungwa. Unga unaotoa ile njano kali mara nyingi ni kromati ya risasi. Rangi za maji tunazopiga sebuleni kwa kawaida hazina shida hiyo, au risasi yake ni kidogo sana. Marekani walipiga marufuku rangi ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na mpaka leo wanahangaika na nyumba zilizopakwa kabla ya hapo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, linazishauri nchi ziweke ukomo wa sehemu 90 kwa milioni, maana yake miligramu 90 tu katika kilo nzima ya rangi iliyokauka. Taasisi ya AGENDA, iliyopo hapahapa Dar es Salaam, imeshawahi kupima rangi za mafuta zilizonunuliwa madukani kama anavyonunua mteja yeyote, na baadhi zikakutwa zimeupita ukomo huo kwa mbali sana. Kwa hiyo tunaongea habari ya makopo yaliyokaa rafu moja na misumari na gundi, katika maduka ya vifaa vya ujenzi tunayoingia kila siku.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwili huipokea kama unavyoipokea kalsiamu, ukaipeleka kwenye mifupa ikakae huko miaka na miaka. Mama akishika mimba, ile iliyolala mifupani hutoka tena ikamfikia mtoto tumboni. Na mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile alichomeza mtu mzima, yeye hufyonza mara nne hadi tano zaidi. Wala haimlazi kitandani. Anakula, anacheza, anarefuka. Kinachopungua ni uwezo wa kushika anachofundishwa, wa kutulia, wa kujizuia hasira. Akifika darasa la tatu hajajua kusoma, ataitwa mzito, atachapwa, atalinganishwa na mdogo wake, na hakuna hata mmoja atakayeutazama ukuta alioegemea akiwa na miaka mitatu. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walitoa ripoti kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, kama milioni 800 hivi, ana mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu yake. WHO inaelekeza kwamba mtoto akifikia hapo, chanzo kitafutwe na kiondolewe. Wengi wa watoto hao wako katika nchi za kipato kama chetu.

Sasa naomba mtazame tunavyopaka madarasa. Nusu ya juu ya ukuta hupigwa rangi ya maji, nyeupe au krimu. Nusu ya chini, kuanzia sakafuni hadi kiunoni mwa mtu mzima, hupigwa rangi ya mafuta, kwa sababu mikono ya watoto huchafua na rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa chenye sabuni. Hakuna mwenye nia mbaya hapo, utaratibu wenyewe una akili. Lakini matokeo yake ni kwamba ile rangi yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na risasi ndiyo iliyokaa usawa wa uso wa mtoto wa miaka minne. Nje ni hivyohivyo: bembea, kibao cha kuserereka, geti, nondo za madirisha, matairi yaliyofukiwa nusu kuzunguka uwanja. Vyote ni rangi ya mafuta, na vyote ni njano na nyekundu, kwa kuwa watoto wanazipenda na mzazi anayekuja kuandikisha mwanawe naye huvutiwa nazo. Jua la Dar es Salaam na chumvi ya bahari vinaichoma rangi hiyo hadi inabanduka, na magamba yake yanaangukia kwenye mchanga wanaochezea.

Nitawaeleza juu ya shule moja ya awali ambayo sitaitaja jina. Imepanga nyumba ya kuishi, vyumba vimegeuzwa madarasa na varanda ndiyo sehemu ya kulia uji. Mwenye shule alitaka katuni za ukutani zibadilishwe wakati wa likizo, ila wale wadogo wanaolelewa mchana hawana likizo, walikuwepo. Njano ya ukuta wa varanda ilikuwa imefanya magamba. Nilipoingiza kisu cha kukwangulia, chini ya njano ikatokea kijani, na chini ya kijani ikatokea nyekundu ya zamani iliyokwisha kuwa vumbi. Kijana ninayefanya naye kazi alipopitisha msasa mara chache tu, unga ukatanda, ukatua juu ya jamvi la plastiki wanalolalia mchana na juu ya vikombe vya uji vilivyofunikwa dirishani. Nilipogeuka nikaona binti mmoja, mdogo kabisa, ameokota gamba la njano la ukubwa wa kucha na ameliweka ulimini.

Tulisimamisha kazi. Mwalimu akalitoa lile gamba, akawanawisha watoto wote na kuwapeleka chumba cha nyuma. Sisi tukatandaza turubai, tukaulowesha ukuta kwa maji ndipo tukaendelea kukwangua, na jioni tukadeki kwa tambara bichi badala ya kufagia. Mwalimu yule akaniuliza, "Fundi, hiyo rangi ina sumu kweli au tunajitisha?" Lilikuwa swali la haki, na hakuna aliyekuwepo pale mwenye jibu. Mwenye shule alipanga nyumba ikiwa imeshapakwa. Mwenye nyumba alishasahau rangi ilinunuliwa wapi. Mwalimu akapiga simu ofisi mbili za umma kuuliza kunakopimwa kitu kama hicho, kila ofisi ikamwelekeza kwa mwenzake. Tulipomaliza koti ya pili bado alikuwa hajajibiwa.

Na wakati huohuo kupima si jambo gumu. Kipo kifaa cha kushika mkononi, chenye ukubwa wa drili, kinachofanya kazi kwa eksirei. Unakigusisha ukutani, unabonyeza, na ndani ya dakika moja au mbili kinakuonyesha kuna risasi kiasi gani, hata ile iliyofichwa na tabaka za juu. Ukuta hauharibiwi wala haukwanguliwi. Pasipo na kifaa hicho, gamba la rangi linafungwa kwenye mfuko na kupelekwa maabara. Damu ya mtoto nayo inapimika, na kwa kuanzia tone la kidoleni linatosha. Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, na kata zetu zina maafisa afya wanaokagua vyoo na migahawa. Afisa kama huyo akipewa kifaa, mafunzo na ratiba, shule moja ndogo ni kazi ya asubuhi.

Niseme pia juu yetu mafundi, kwa sababu ukuta huwa tunauanza sisi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya WHO, limeiweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kazi yenyewe, waheshimiwa, bila kuchagua kopo. Vijana wetu wanachanganya rangi na tina, kimiminika cha kuzimulia rangi, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ili vumbi lisiingie kwenye rangi mbichi. Wanapiga msasa wakiwa wamejifunga fulana puani, na fulana haizuii vumbi la risasi wala mvuke wa tina. Mchana wanakula chipsi kwa mikono iliyofutwa kwa tambara. Usiku wanaingia nyumbani na nguo zilezile za kazi, na mtoto anamkimbilia baba mlangoni, anamkumbatia miguu. Vumbi la kazini linafika kitandani kwa njia hiyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, lakini fundi wa mtaani anayeitwa kwa simu, akalipwa kwa chumba, hajawahi kumwona mkaguzi wa OSHA. Ninawaomba mtufuate huku tuliko. Mafunzo ya siku moja pale chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, yenye kumfundisha kijana kulowesha ukuta kabla ya kuukwangua, kuvaa barakoa inayofaa na kubadili nguo kabla ya kurudi nyumbani, yatawaokoa watu wengi ambao hawajui kwamba wanahitaji kuokolewa.

Sumu hiyohiyo ya risasi inapita mitaani kwa mlango mwingine, nao ni betri. Betri ya gari, karibu asilimia 60 ya uzito wake ni risasi. Bodaboda, bajaji, sola na inveta zimeziongeza betri kila mtaa, na zikifa zinaingia kwenye biashara ya vyuma chakavu. Nimewaona vijana uani, nyuma ya banda la mabati, wameipasua betri kwa shoka, tindikali wameimwaga kwenye mfereji unaopita mlangoni kwa jirani, na zile sahani za ndani wameziweka kwenye sufuria juu ya moto wa mkaa. Zikiyeyuka wanazimimina kwenye vibonde walivyochimba mchangani ili zitoke chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu na mishipi, za kuuzia wavuvi. Kando yao palikuwa na kuku, ndoo ya maji, na mtoto anayejifunza kutembea. Moshi wake haunuki kama moshi wa plastiki, na kwa hiyo watu hawaukimbii.

Yaliyotokea kwa wenzetu kwa njia hiyo yanajulikana. Huko Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegali, watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kwa sababu ya udongo ambao betri zilikuwa zimevunjwavunjwa juu yake na watu wakauchekecha majumbani kutafuta mabaki ya risasi. Na Mombasa, pwani hii hii yetu, kijiji cha Owino Uhuru kilipakana na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, mtoto wake aliugua na vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu, ndipo akaanza kupiga kelele. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ikapingwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo. Watoto waliokuwa wanatambaa kiwanda kilipofunguliwa walikuwa vijana siku hukumu ilipotulia, na fidia hairudishi akili iliyopotea utotoni. Kipimo kimoja cha udongo na damu katika mwaka wa kwanza kingewaepusha na yote hayo.

Risasi haiko peke yake, ingawa ndiyo ninayoifahamu kwa karibu zaidi. Yapo mapaa ya asbesto kwenye baadhi ya shule za zamani, kota za serikali na maghala, yale ya kijivu yenye mawimbi manene. Yakiwa mazima na yameachwa yalivyo, hatari yake ni ndogo. Hatari inakuja fundi anapoyatoboa au kuyakata kwa msumeno, au yakishushwa na vipande vikachukuliwa na majirani kuezekea banda la kuku. Nyuzi zake hazionekani kwa jicho, na saratani zake huja baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mtu ameshasahau aliwahi kupanda paa gani. WHO inahesabu zaidi ya vifo 200,000 kila mwaka duniani vinavyotokana na asbesto kazini. Orodheni majengo hayo, bandikeni alama, na pasiwe na fundi anayepandishwa juu bila kuambiwa anakanyaga nini.

Vyumba vya kupanga vina sumu zake. Kila siku anapita kijana na spika begani akitangaza dawa ya kunguni, ya mende, ya panya. Dawa yenyewe imo kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina jina, haina maelezo, na mama anainyunyizia kwenye godoro ambalo watoto watalilalia usiku huohuo. Hapo ninawaomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu nao waisome barua hii. Halafu kuna mkaa: kila msimu wa mvua zinasikika habari za watu walioingiza jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango, wasiamke. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa huo haina harufu wala rangi, na inaikamata damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na ninauunga mkono kwa moyo wote. Lakini chumba kimoja cha Manzese kisicho na dirisha la pili hakiwezi kusubiri mwaka 2034. Kifaa kidogo cha kulia pale hewa hiyo inapozidi kipo duniani, na matangazo ya redioni kabla ya masika ni gharama ndogo.

Msije mkasema haiwezekani, kwa sababu mmeshaweza. Mwezi Juni 2001 nchi zetu zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 Afrika yote ya kusini mwa Sahara ilikuwa imeiacha. Magari hayakusimama. Wengi wetu hatukujua hata kwamba kuna kitu kimebadilika, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wakavuta hewa yenye risasi kidogo kuliko tuliyovuta sisi tukiwa vituoni Posta na Kariakoo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ndani ya wiki chache muuza nyanya wa Buguruni alikuwa ameshabadilika. Serikali iliyoweza kumfikia muuza nyanya inaweza kuyafikia maduka ya rangi.

Kuna mahali ambapo mnaweza kuanza kesho bila kununua kifaa chochote. Madarasa mengi ya serikali siku hizi yanajengwa kwa force akaunti. Kamati ya shule inanunua vifaa, fundi wa mtaani anajenga, na kila kitu kimo kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na gharama zake, kuanzia nondo hadi vitasa. Ongezeni mstari mmoja tu pale kwenye rangi: isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, na cheti cha maabara kiambatishwe na risiti. Halmashauri tano za mkoa huu ni mteja mkubwa. Siku halmashauri hizo tano zitakapokataa kununua rangi isiyo na cheti, mwenye kiwanda atatafuta cheti, na rangi atakayoitengeneza kwa ajili ya shule ndiyo hiyohiyo nitakayoikuta mimi dukani. Hapo TBS nao wafanye sehemu yao: wanunue makopo madukani kwa kushtukiza, na watangaze majina, walioshinda na walioshindwa. Ukomo wowote ulioandikwa unakuwa na nguvu pale tu muuzaji anapojua kwamba kuna mtu atakuja kupima.

Hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala zipewe uwezo wa kupima risasi kwenye damu, walau kwa watoto wanaokaa karibu na mabanda ya vyuma chakavu na wale ambao wazazi wao ni mafundi rangi, mafundi betri au wachoma nyaya za shaba. Betri zilizokufa ziwe na mahali panapojulikana pa kurudishwa, na anayerudisha apate fedha inayomridhisha, maana kijana yule wa sufuria anaitafuta riziki kama sisi wengine. Akilipwa vizuri kwa betri nzima, hana sababu ya kuipasua.

Ninaijua hofu inayowafanya watu wa ofisini wanyamaze: mkitangaza, wazazi watataharuki, shule zitafungwa, watu watawalaumu. Mimi nashinda na wazazi hao. Wanataharuki zaidi wanapogundua kwamba kuna aliyejua akakaa kimya. Na habari hii haiji bila dawa yake. Ukuta ambao rangi yake ya risasi haijabanduka unaweza kufunikwa kwa rangi salama, na kazi ikaisha kwa bei ya ndoo moja na siku mbili za fundi. Bembea inaweza kukwanguliwa ikiwa imeloweshwa, watoto wakiwa mbali, ikapakwa upya. Watoto wakinawa mikono kabla ya uji, wakidekiwa sakafu kwa tambara bichi, na wakila dagaa na mboga za majani zenye kalsiamu na madini ya chuma, miili yao itafyonza risasi kidogo zaidi. Mwalimu akipewa karatasi moja yenye maelezo hayo pamoja na kipimo cha ukuta wake, hatataharuki, atajipanga.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuuliza taarifa iliyoko mikononi mwa ofisi ya umma. Nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu haki ya kwanza haitekelezeki ikiwa hakuna taarifa ya kuulizia.

Kwa hiyo naomba mnijibu haya matatu, na mnijibu hadharani kama nilivyowaandikia. Katika mwaka wa fedha unaoanza Julai, ni shule ngapi za awali na vituo vingapi vya watoto mchana vitakavyopimwa katika kila halmashauri ya mkoa huu? Ni ofisi gani, kwa jina, itakayopokea simu ya mwalimu anayeuliza kama ukuta wake una sumu? Na majibu yatabandikwa wapi: kwenye geti la shule, ofisi ya serikali ya mtaa, au kwote kuwili?

Sisi mafundi tunazijua kuta zenye tabaka za zamani, mtaa kwa mtaa. Mkipanga siku ya kuanza, tutakuja kuwaonyesha, na pale kipimo kitakapokuta risasi tutaufunika ukuta huo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi rangi,
Buguruni, Dar es Salaam